Maziwa ya Kabla ya Mimba

Nilitoka maziwa miaka miwili kabla sijabeba mimba yoyote. Hayakuwa matone ya kubahatisha. Yalilowesha gauni mbele, na mtoto wa jirani aliyanyonya. Mtoto yule sasa ni mwanamume mwenye ndevu, fundi wa injini za boti, na mwezi uliopita wazee wake walikuja kumposa binti yangu. Posa imesimama. Haikusimamishwa na mahari wala tabia ya mtu. Imesimamishwa na maziwa yale, na anayengojewa kusema neno ni mimi.

Kwa hiyo nimejaribu kuyapanga mambo kama yalivyokuja, kwanza ya mwili, kisha ya mtoto.

Nilikuwa nimeolewa kisiwani Jibondo, mwaka wa pili wa ndoa. Mume wangu alikuwa fundi wa mashua, mimi nikilima mwani pamoja na wanawake wa mtaa wetu. Kazi ya mwani inakwenda na bamvua, siku zile ambazo bahari inakupwa sana na mashamba yanabaki wazi. Zikifika siku hizo mtaa mzima wa wanawake unahamia ufukweni, nyumbani wanabaki wazee, wagonjwa na wenye mimba kubwa.

Cha kwanza kuja kilikuwa baridi. Wenzangu wakiingia majini huku jasho linawatiririka, mimi nilikuwa nikitetemeka. Siku moja nikaenda shambani na sweta la mume wangu.

“Sweta!” jirani yangu alipiga kelele, wengine wasikie. “Shoga, umerudi lini kutoka Ulaya?”

“Msimcheke,” akasema mwingine. “Huenda kule kwake kunanyesha theluji.”

Nami nilicheka. Lakini nilikuwa naona mambo mengine ambayo sikuyasema. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Sauti ilikuwa nzito, hadi watu waliniuliza kama nina mafua. Nilifunga kamba moja ya mwani katika muda ambao mwenzangu alifunga mbili, kisha nikakaa mchangani nikipumua kama niliyebeba gunia. Nilikula kidogo, mwili ukanenepa, na asubuhi uso uliamka umevimba. Kila kimoja nilikipa sababu yake: baridi ni upepo, nywele ni mafuta mabaya, uchovu ni ndoa. Haikunijia kwamba vyote vinaweza kuwa na mama mmoja.

Ramadhani ilipokuja nilifunga mwezi mzima bila hedhi kunikatisha. Mwanamke wa umri wangu akifunga mwezi mzima, wanawake wenzake hawamwachi.

“Wewe mwaka huu umefunga kama mwanamume,” jirani aliniambia tukisaga viungo vya futari.

“Mwanamume gani anafunga mwezi mzima?” mwingine akadakia. “Wangu mimi kila ikifika kumi la mwisho tumbo linamshika.”

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akikuna nazi pembeni, aliwanyamazisha. “Mwacheni. Mwanamke akifunga mwezi mzima ana jambo lake.”

Kuanzia hapo nilikuwa mja mzito. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikukataa, kwa kuwa nilikuwa nataka iwe kweli. Mama mkwe alininyang’anya madumu ya maji siku mashua ya maji ya kunywa ilipofika. Akanikataza kwenda mwanini. Nilipomwambia kwamba tumbo halikui, alinigusa mgongo, juu kidogo ya kiuno, akasema, “Huyu amepanda mgongoni. Wapo watoto wa hivyo. Anajificha, atashuka.”

Wiki chache baadaye, nikiwa bafuni, niliona maziwa. Nilimwita mama mkwe. Aliangalia, akasema alhamdulillahi, akatoka kwenda kumwambia mwanawe. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Mume wangu usiku ule alianza kuchagua mbao za kitanda cha mtoto.

Sasa nakuja kwa mtoto wa jirani.

Alikuwa na miezi sita hivi, na mama yake alikuwa amerudi mwanini. Kwa kuwa mimi nilizuiwa nyumbani, bamvua lilipofika aliniletea mtoto na kikombe cha uji. “Nakuazima ujifunzie,” aliniambia. Mtoto aliukataa uji. Alilia mpaka akawa mwekundu, mama mkwe akachoka kusikia.

“Mpe ziwa,” akasema. “Si yapo?”

“Mama, ni ya nani haya?”

“Ya Mungu. Mpe, atanyamaza.”

Nilimpa. Alinyonya, akanyamaza, na baada ya muda akaliachia mwenyewe, akageuza kichwa kuangalia kuku. Jirani aliporudi na nguo zimelowa tulimwambia. Alicheka akasema, “Basi una kazi. Mimi huku natoka chumvi, wewe unatoa maziwa.” Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilikaa kizingitini na mtoto mapajani, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nilijiona mtu mwenye kazi ya kufanya.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Iliendelea mara ngapi, ndilo swali la leo.

Aliyenipeleka hospitali ni mume wangu. Alikuwa na kawaida ya fundi: akiona ubao haukai sawa, haupigi msumari kwa nguvu, anarudi kuupima. Jioni moja alisema, “Hesabu za mama haziendi. Mtoto huyu sasa angekuwa amezaliwa.” Tukavuka kwenda Utende, tukapanda gari mpaka Kilindoni, mama mkwe akiwa pamoja nasi, maana hakutaka mimba yake ishughulikiwe na watu wasioijua.

Daktari alikuwa mwanamke, si mtu wa maneno mengi. Aliangalia gauni langu lililolowa.

“Mtoto ana miezi mingapi?”

“Sina mtoto.”

“Umeharibu mimba?”

“Hapana.”

“Kuna dawa unazomeza? Sindano ya uzazi wa mpango? Dawa za kichwa?”

“Hakuna.”

Aliniuliza kama kichwa kinauma, kama naona vizuri vitu vya pembeni. Akaniuliza habari ya hedhi, ya choo, ya usingizi. Alipofika kwenye baridi, nilimwonyesha sweta. Hakucheka. Alinishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate, akameza na yeye kunionyesha. Kisha alinipigisha magoti juu ya kiti na kugonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, kama mlango wenye bawaba zenye kutu. Akaurudia, ukafanya vile vile.

Mkojo ulipimwa. Hakukuwa na mimba.

“Mkojo unajua nini?” mama mkwe akasema. “Mtoto yuko mgongoni.”

“Mama, nakuheshimu,” daktari alimjibu, “lakini mgongoni hakuna chumba cha mtoto.”

Akanieleza kwa maneno ambayo nimeyashika hadi leo. Mbele ya shingo kuna tezi inayotoa homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Yangu, alidhani, ilikuwa imelegea, ndiyo maana nilikuwa nasikia baridi, nachoka, nanenepa bila kula, nywele zinatoka na sauti inakwaruza. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayoisimamia ya shingoni. Ikiona mwenziwe hafanyi kazi, inaongeza amri, na amri hizo zikizidi zinaamsha pia homoni ya maziwa. Maziwa yakishaamka, hedhi inasimama, kama kwa mama anayenyonyesha.

“Damu ndiyo itakayosema kweli,” alimaliza. “Utakwenda Dar ikapimwe. Kuna mtu anayanyonya hayo?”

Mama mkwe ndiye aliyejibu: “Mtoto wa jirani. Mara moja moja.”

“Basi acheni. Kila akinyonya, mwili unapata agizo la kuleta mengine. Na wewe usiyaminye kuangalia kama bado yapo.”

Dar damu ilisema kama alivyodhani. Nilirudi na vidonge vidogo vyeupe na maelekezo marefu kuliko vidonge vyenyewe. Kimoja kila siku, maisha yote, labda. Kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha kusubiri kabla ya chai. Visichanganywe na vidonge vya kuongeza damu, vikae mbali kwa saa kadhaa. Nisiongeze kwa haraka ya kupona, nisiache kwa kuwa nimepona. Damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa, kipimo cha dawa kipandishwe au kishushwe kufuatana na damu, si kufuatana na ninavyojisikia.

Nilichotarajia ni kuamka kesho yake nikiwa mwepesi. Haikuwa hivyo. Mwezi wa kwanza sikuona kitu isipokuwa kwamba asubuhi uso haukuvimba sana. Baadaye kidogo nililivua sweta nikiwa napika na sikukumbuka kulivaa tena. Maziwa yalipungua bila kuaga. Siku moja nilitambua tu kwamba gauni ni kavu. Sauti ndiyo iliyochelewa, na ndiyo iliyobaki kuwa kipimo cha nyumbani. Kusi likivuma vibaya na hakuna anayevuka kwenda Kilindoni, vidonge vikiisha, mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. “Vidonge vimekwisha?” aliuliza kutoka uani. “Nasikia mwanamume anaimba jikoni.” Baada ya hapo mume wangu alijifunza kuvinunua kabla havijaisha, kila akienda kuchukua misumari.

Ramadhani iliyofuata niliamka kabla ya wenzangu, nikameza kidonge, nikawasha moto wa daku, na chakula kilipoiva muda wa kusubiri ulikuwa umepita. Katikati ya mwezi huo jirani alinikuta nyuma ya nyumba nikila muhogo uliobaki usiku.

“Ee!” akasema. Kisha akaelewa, akanikumbatia na muhogo wangu mkononi. “Karibu, shoga. Karibu kwetu wenye saumu za kulipa.”

Binti yangu alizaliwa miaka miwili baadaye. Katika mimba hiyo kidonge kiliongezwa, na nilipimwa damu mara nyingi kuliko wanawake wote wa mtaa. Mama mkwe alipomshika mjukuu, alimgeuza na kumwangalia mgongo.

Maziwa ya kwanza tuliacha kuyazungumza. Hapa ndipo tulipokosea, naona sasa, jirani na mimi sawasawa. Kwa kuwa daktari alisema sababu yake ni ugonjwa, tuliyaweka pamoja na ugonjwa: baridi, nywele, sauti, maziwa. Tuliyaita maji ya tezi. Hatukuyafikiria kama maziwa ya mtu, yanayomfanya mtoto wa mwenzio kuwa mwanao. Mama mkwe pengine angetukumbusha, lakini alihamia Chole kwa binti yake na kukaa huko miaka mingi. Watoto walikua, kijana akaenda kujifunza injini, binti akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo Kilindoni. Walipatana wenyewe. Walipotuambia, jirani na mimi tulipiga vigelegele.

Mama mkwe aliletwa kutoka Chole kwa ajili ya posa. Wageni walikuwa wamekaa, kahawa imekwisha kumiminwa. Aliuliza anaposwa nani na nani, akaelezwa, akaweka kikombe chini.

“Hawa si wamenyonya ziwa moja?” akasema.

Shehe tuliyemwendea hakututisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho, habari ya tezi akaisikiliza kwa makini kuliko zote. Kisha akasema: “Maziwa ni maziwa, yawe ya aliyezaa au ya asiyezaa. Mimi siulizi yalitoka kwa nini. Nauliza, alinyonya mara tano mbalimbali, kila mara mpaka akashiba? Ikiwa ndiyo, hawa ni ndugu na habari imekwisha. Ikiwa hazikutimia, waoane.”

“Na nisipokuwa na hakika?”

“Ukiwa na shaka ya kweli, niambie nina shaka, nayo ina hukumu yake, haiwazuii. Lakini usiitengeneze shaka kwa kuwa unataka harusi.”

Tangu hapo nimeuliza kila aliyekuwepo, kila mmoja peke yake, wasisikilizane.

Mama mkwe: “Kila bamvua alikuwa hapo kifuani. Miezi mitatu.”

“Mama, kwa daktari ulisema mara moja moja.”

“Kwa daktari nilikuwa naogopa kugombezwa.”

“Na sasa?”

“Sasa naogopa Mungu. Na yule kijana nampenda. Nikisema ni mjukuu wangu, simdhulumu kitu.”

Jirani: “Mara mbili, shoga. Tatu, tukizidisha. Tena alikuwa anachezea tu, anataka kitu cha mdomoni. Yale yalikuwa maziwa au uchafu wa ugonjwa? Daktari wako mwenyewe alisema ugonjwa.”

“Daktari alisema sababu ni ugonjwa. Hakusema si maziwa.”

“Haya, wewe ndiye msomi. Mwozeshe basi na mtu wa mbali, aje kumtesa mwanao, tukae tuhesabu matone.”

Tangu siku hiyo ananisalimu kwa mkato.

Nilipokwenda hospitali kuchukua vidonge vyangu nilimuuliza daktari wa sasa, kijana mdogo, kama maziwa ya namna ile yana tofauti na ya mzazi. Alidhani nina mgonjwa nyumbani. “Ni maziwa, mama,” alisema. “Huenda yakawa machache tu.” Machache, nikajiuliza, yanaweza kumshibisha mtoto wa miezi sita?

Mume wangu hakuona kitu, alikuwa karakanani. Alichosema ni kwamba nisiharakishe.

Binti yangu alikuja wiki hii. Tulikaa jikoni, akachambua mchele bila kuniangalia.

“Mama, sitakuomba useme nini.”

“Najua.”

“Yeye pia hataki uombwe. Anasema akiwa mwanao, yeye ni mwanao. Lakini anataka kujua haraka, maana sasa hajui anipigie simu au asinipigie.”

“Nawe?”

“Mimi nataka kuolewa naye, mama. Nataka pia nisije nikaamka na watoto wawili halafu ukakumbuka.”

Mara ninazozikumbuka kwa hakika ni nne, kwa sababu kila moja imeshikamana na kitu. Ya kwanza ni ile ya kikombe cha uji. Aliliachia ziwa mwenyewe. Ya pili ni kesho yake, tukiwa tumekaa kwenye mkeka mpya ambao aliukojolea baada ya kushiba. Ya tatu ni siku mashua ya maji ilipochelewa na mama yake akabaki kwenye foleni. Alinyonya pande zote mbili. Ya nne ni bamvua lililofuata, jirani akiwa na homa, akaniletea mtoto mwenyewe na kuniambia nimnyonyeshe mpaka atosheke, nikamnyonyesha. Hiyo ya nne jirani anasema haikumbuki. Homa ilikuwa kali.

Kuna na siku nyingine, kabla tu ya kwenda hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha, mtoto amelia tangu asubuhi kwa meno, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka hadi mikono haina nguvu. Nilimlaza ubavuni, nikampa ziwa. Alinyonya kidogo, akasita, akanyonya tena. Nikasinzia. Nilipoamka alikuwa amelala, mdomo wazi, maziwa yamemchirizika shavuni.

Shehe ametuma mtu mara mbili kuuliza, na mara zote nimejibu kwamba bado. Mtoto yule alilala. Kama alilala kwa shibe, au kwa kuchoka kulia, sijui.